Mita kumi na moja: mwongozo wa kutuliza mchecheto wa penalti

Jumanne mazoezini unapiga penalti kumi na unafunga nane au tisa. Jumapili ni fainali ya ng'ombe, dakika 90 zimeisha kwa sare, kocha anauliza "nani anapiga?" na ghafla kamba za viatu vyako zinahitaji kufungwa upya. Mguu ni uleule, mpira ni uleule, na goli lina upana uleule wa mita 7.32. Kilichobadilika ni macho ya watu, na yale unayoyawaza kuhusu macho hayo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayecheza ligi za mtaani Katoro, Kakola, Kahama, Lwamgasa au Shinyanga mjini. Hulipwi mshahara wa mpira na timu yako haina mwanasaikolojia. Hata hivyo mbinu zake unaweza kuzitumia, kwa sababu hazihitaji kifaa wala fedha. Zimetoka kwenye tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck, daktari wa Marekani, aliianzisha miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa sonona, na kwenye kazi ya Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliyewazoesha watu kukutana na wanachokiogopa kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi. Wacheza gofu walizichangamkia mapema, maana mchezo wao ni kupiga mpira uliotulia huku watu wamenyamaza wanakutazama. Penalti ni hivyo hivyo, ila watu hawanyamazi. Mfungaji wa netiboli naye asome. Kwake hali hiyo hurudi mara nyingi katika kila mchezo.

Na usijione dhaifu. Simba ilitolewa kwa matuta 4-3 na Orlando Pirates Aprili 2022, ikatolewa tena kwa matuta 4-3 na Wydad mjini Casablanca Aprili 2023. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Yanga, 3-2 dhidi ya Mamelodi Sundowns mjini Pretoria. Wachezaji wale mpira ndiyo kazi yao ya kila siku. Mchecheto hauangalii mshahara.

Kwanza elewa kinachotokea

Ukihisi hatari, iwe nyoka njiani au aibu mbele ya umati, ubongo hutoa amri ileile: mwili ujiandae kukimbia au kupigana. Adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, mate hukauka, viganja hutoa jasho, na haja ndogo hukubana hata kama umetoka chooni sasa hivi. Katika dalili zote hizo hakuna hata moja inayosema huna uwezo. Mwili umejaa nguvu tu. Mkwaju huharibiwa na mambo matatu yanayofuata baada ya hapo.

Macho yanahama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwavalisha wapiga penalti kifaa cha kufuatilia macho. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba mchezaji mwenye wasiwasi humtazama kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mpira wake huishia karibu na kipa. Jicho likimng'ang'ania kipa, mpira nao humfuata.

Unaanza kuusimamia mguu wako. Jambo ulilolifanya mara elfu bila kufikiri sasa unataka kulifanya kipande kipande: kifundo kikae hivi, goti lipinde hivi. Mwanasaikolojia wa Marekani Sian Beilock na wenzake walilichunguza hili kwa wacheza gofu wazoefu. Walipoambiwa wafuatilie kila sehemu ya mwendo wa fimbo yao, walikosea zaidi kuliko walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza sauti. Mgeni wa mchezo anahitaji kufikiria mguu. Mzoefu akiufikiria, anauharibu.

Unaharakisha. Geir Jordet wa Norway amechambua penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi, na ameona kwamba wanaopiga mara tu kipenga kinapolia hukosa zaidi kuliko wanaosubiri kidogo. Wanaokimbilia mpira hawakimbilii kufunga. Wanakimbilia kumaliza mateso. Takwimu zake nyingine zinaeleza uzito wa wazo peke yake: mpigaji ambaye bao lake lingeipa timu ushindi hapo hapo alifunga zaidi ya mara 9 katika 10, na yule ambaye akikosa timu inatoka alifunga kama mara 6 katika 10. Umbali ni uleule, wa mita 11.

Basi lengo lako lisiwe kuondoa hofu. Haiondoki, na anayekuahidi kuiondoa anakuuzia kitu. Lengo ni kupiga vizuri ukiwa nayo.

KISANDUKU: Hakikisha kwanza kwamba ni mchecheto

Kwenye ukanda wetu wa dhahabu, dalili zinazofanana na hofu zinaweza kuwa na chanzo kingine. Usizitibu kwa pumzi na maneno mazuri.

- Mikono inatetemeka hata siku zisizo na mechi, hulali vizuri, unakasirika ovyo, na unafanya kazi ya kuchoma dhahabu au unaishi karibu na inapochomwa: huenda ni mvuke wa zebaki. Lwamgasa ni moja ya maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tatizo hilo halijaisha. Mweleze daktari kazi unayofanya. Asipojua, hataiwazia zebaki.
- Kifua kinabana, unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, unapungua uzito: kapime kifua kikuu. Wanaoingia duarani na wanaosaga mawe kwenye karasha huvuta vumbi la mwamba, na vumbi hilo huharibu mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa huo.
- Umewahi kuzimia ukikimbia, au unapata maumivu ya kifua ukicheza: acha kucheza hadi moyo upimwe. Hili halina mjadala.
- Umetoka zamu ya usiku na umekunywa makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu: moyo unaokwenda mbio ni wa kafeini na usingizi. Lala.

Hatua ya 1: Andika

Kwa wiki moja, kila unapopiga penalti au kukwepa kupiga, andika mistari minne kwenye daftari au simu:

1. Tukio. Mfano: "Kocha aliita wapigaji, nikajifanya nimeumia."
2. Wazo lililopita kichwani, kama lilivyokuja, bila kulipamba. Mfano: "Nikikosa, Katoro nzima itanicheka."
3. Mwili. Mfano: "Miguu ililegea."
4. Ulichofanya. Mfano: "Nilienda kunywa maji hadi wapigaji watano wakapatikana."

Watu wengi hulidharau zoezi hili kwa sababu linafanana na kazi ya shule. Lakini bila hilo utabaki kusema "mimi presha inanipanda tu," na huwezi kurekebisha kitu ambacho hujakiona. Wiki ikiisha utagundua kwamba mawazo yako si mengi. Ni mawili au matatu yanayorudi.

Hatua ya 2: Lihoji wazo

Chukua wazo linalorudi zaidi na uliulize maswali haya:

- Ushahidi gani unaliunga mkono, na upi unalikataa?
- Rafiki yangu angeniambia ana wazo hili, ningemjibu nini?
- Likitokea kweli, nitafanya nini siku ya pili yake?

"Katoro nzima itanicheka." Sawa. Yule aliyekosa kwenye nusu fainali ya msimu uliopita, ni nani anayemzungumzia leo? Walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakarudi kwenye bei ya dhahabu. Kisha andika wazo mbadala, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Huandika "Nitafunga tu, mimi ni bora." Wazo hilo ni tamu lakini halina mguu wa kusimamia, kwa kuwa kipa mmoja akidaka linaanguka lote. Andika jambo la kweli lililo mikononi mwako: "Naweza kukosa, na watacheka kidogo. Kazi yangu ni kupiga pembe yangu kwa nguvu yangu ya mazoezini."

Lisome kwa sauti kila siku kabla ya mazoezi. Wazo la zamani limekaa kwa miaka. Usitegemee lifukuzwe kwa kusoma mara moja.

Hatua ya 3: Pumzi

Pumzi ndiyo dalili ya mchecheto unayoweza kuishika kwa makusudi. Moyo huwezi kuuamuru, lakini ukirefusha pumzi ya kutoka, moyo nao hupunguza kasi.

1. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4. Tumbo ndilo lipande, mabega yatulie.
2. Toa kwa mdomo taratibu ukihesabu hadi 6.
3. Rudia kwa dakika tatu, asubuhi na usiku, kwa wiki mbili nzima kabla ya kuitumia uwanjani.

Usivute hewa nyingi kwa haraka mara nyingi mfululizo. Hiyo huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na mtu hudhani anakufa.

Kuna jambo jingine dogo la kuongeza. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ya watu waliokuwa wanakwenda kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kwa hiyo ukiwa unakwenda kwenye mpira, usijiambie "tulia, tulia." Jiambie "nimepania." Mwili umeshapanda, kuuelekeza ni rahisi kuliko kuushusha.

Hatua ya 4: Tengeneza utaratibu wako

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Utaratibu ni mfuatano wa vitendo vichache ambavyo unavifanya vilevile kila mara, mazoezini na fainali, ili kichwa kiwe na shughuli nyingine kuliko kuwaza aibu. Mfano:

1. Chukua mpira mwenyewe kwa mikono. Usisubiri kipa akurushie. Akikurushia, ameshaanza kukuongoza.
2. Kagua alama. Viwanja vyetu vingi ni vya vumbi, na sehemu ya penalti huwa imechimbika kwa mateke ya miaka. Sawazisha kwa mguu, weka mpira mahali palipo imara, ukae vile unavyopenda ukae.
3. Rudi nyuma hatua zako. Idadi iwe ileile siku zote.
4. Pumzi moja ndefu: 4 ndani, 6 nje. Kama unasali, dua fupi ikae hapa hapa.
5. Tazama sehemu unayopiga kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Tazama sehemu ndogo: fundo la wavu, au mahali nguzo inapogusa ardhi.
6. Kipenga kikilia, usiondoke. Vuta pumzi moja ya kawaida.
7. Tamka neno lako moja kimoyomoyo, kama "pembe" au "piga," kisha nenda.

Uamuzi wa upande uufanye kabla ya kuushika mpira, na usiubadilishe. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika golini kwa sekunde 0.4 hivi, kwa hiyo mpira mzuri wa pembeni humshinda kipa hata akijua upande. Anayebadili uamuzi katikati ya mbio hupiga mpira usio na upande wala nguvu. Wapo watakaokushauri upige katikati, na hoja wanayo: uchambuzi wa penalti 286 uliochapishwa mwaka 2007 na Michael Bar-Eli na wenzake ulionyesha kwamba makipa walibaki katikati karibu mara 6 tu katika 100. Lakini makipa wa mtaani wengine hubaki kwa sababu wamechoka. Mimi ningekaa na pembe.

Kipa akipiga kelele, akicheza kwenye mstari, au akikuambia "najua unapiga wapi": mtazame mpira. Huna deni la kumjibu.

Sasa nizungumzie jambo ambalo miongozo mingine huliruka. Timu nyingi za huku zina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua ufundi huo si wa kocha. Usukumani kushindana mbele ya umati ni jambo la zamani. Ngoma za Bagika na Bagalu zimeshindana kwa vizazi kuvuta watazamaji, na kila upande ulikuwa na dawa zake za mvuto. Sitamcheka mtu kwa hirizi yake. Nitamuuliza swali moja la kimazoezi: ikidondoka kwenye bodaboda njiani kuja uwanjani, utapigaje? Kitu cha kushika kinakupa utulivu kwa sababu kinakupa mpangilio na imani, na siku kisipokuwepo, utulivu unaondoka nacho. Utaratibu uliouzoeza kwa miezi hauwezi kuibiwa wala kusahaulika nyumbani.

Hatua ya 5: Panda ngazi ya hofu

Mazoezi ya kawaida ya penalti hayasaidii mchecheto, kwa sababu hayana mchecheto ndani yake. Unapiga mpira wa kwanza, wa pili, wa kumi, wenzako wanapiga soga. Penalti ya fainali ni moja tu, na huja baada ya kutembea kama mita 40 kutoka katikati ya uwanja huku kila mtu akikutazama. Jifunze kutembea huko.

Andika hali mbalimbali za kupiga penalti na uipe kila moja alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Panga kuanzia ndogo. Mfano wa ngazi:

1. Peke yangu, goli tupu, kwa utaratibu kamili (10)
2. Na kipa, hakuna mtazamaji (20)
3. Wachezaji wote wamekaa nyuma ya goli kimya (35)
4. Natembea kutoka katikati ya uwanja, napiga mmoja tu, narudi (45)
5. Vilevile, wenzangu wakizomea na kupiga vuvuzela (55)
6. Vilevile, baada ya mbio za dakika 20, miguu imechoka (60)
7. Anayekosa ananunua soda za timu, au anabeba mipira wiki nzima (70)
8. Mechi ya kirafiki, tumekubaliana na wapinzani tupige matuta mwishoni hata kama kuna mshindi (80)
9. Mechi ya mashindano (95)

Kanuni za kupanda:

- Rudia ngazi moja hadi hofu ishuke karibu nusu ya alama uliyoiandika. Huenda zikawa siku mbili, huenda wiki mbili.
- Usiruke ngazi kwa sababu ya ujasiri wa siku moja.
- Usiondoke hofu ikiwa juu kabisa. Ukikimbia hapo, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho utakimbia mapema zaidi. Baki, piga tena, ondoka ikiwa imeshuka.
- Hesabu utaratibu, usihesabu mabao. Swali la kocha liwe "ulifuata hatua zote saba?" Aliyefuata na akadakiwa amepasi zoezi la siku hiyo.

Ngazi ya 7 wengi huidharau, na ni makosa. Soda ya timu nzima ni hasara ya kweli kwa kijana wa mtaani, na hasara ndogo ya kweli huizoeza akili kubeba kubwa.

Kwa netiboli, panga ngazi hizo hizo: peke yako, na mlinzi, na kelele, baada ya mbio, kisha mechi ya shule jirani. Walimu wa UMISSETA wanaweza kuzifanya kwa dakika 15 mwisho wa kila zoezi.

Makosa yanayorudiwa

*Kunywa kidogo ili kutoa aibu.* Pombe hupunguza mtetemo na hupunguza shabaha pia. Ukifunga ukiwa umekunywa, umejifunza kwamba huwezi bila kunywa.

*Vidonge vya duka la dawa.* Diazepamu hulegeza misuli, huchelewesha maamuzi na huzoesha mwili haraka. Propranololi, ambayo baadhi ya wanamuziki huimeza kabla ya jukwaa, ni hatari kwa mwenye pumu, na kwenye mashindano ya gofu imepigwa marufuku. Kama daktari hakukuandikia, achana nazo.

*Ahadi za mdau kando ya uwanja.* "Ukifunga hii, laki yako hii hapa." Huku kwenye dhahabu hutokea sana, na anayesema hivyo anadhani anakusaidia. Amekuongezea kitu kingine cha kuwaza. Kiongozi wa timu akubaliane na wadau mapema: ahadi yoyote iende kwenye mfuko wa timu, mpira uingie au usiingie. Na kama kuna mchezaji aliyebeti kwenye mechi yenu wenyewe, huyo asipige kabisa. Hata kwenye timu hana nafasi.

*Kuhesabu penalti za utani.* Zile mnazopiga mkicheka baada ya mazoezi hazihesabiki kwenye ngazi.

KISANDUKU: Benchi liseme nini

Akili ya mtu mwenye hofu hulishika lile aliloambiwa asifanye. Mwambie "usipaishe," naye anaona mpira juu ya mwamba kabla hajaupiga.

Badala ya "Usikose!" sema "Utaratibu wako."
Badala ya "Usipaishe!" sema "Pembe ya chini."
Badala ya "Timu yote inakutegemea wewe" sema "Piga, tupo."
Badala ya "Nani anataka kupiga?" taja majina.

Na kwa timu za wasichana: matusi kuhusu mwili na mavazi yanayotoka kwa mashabiki si sehemu ya mchezo wala si zoezi la ujasiri. Nahodha amweleze refa na mwandaaji wa mashindano. Asiambiwe mchezaji "zoea."

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Nakili orodha hii na uweke kwenye begi:

☐ Nimelala usiku. Nimebadilishana zamu kama nilipangiwa ya usiku.
☐ Nimekula saa tatu hivi kabla ya mechi. Nimekunywa maji.
☐ Nimekagua alama za penalti za magoli yote mawili kabla ya kupasha misuli.
☐ Nimepiga penalti chache tu, kwa utaratibu kamili, nikaacha.
☐ Nimeshaamua pembe yangu.
☐ Najua mimi ni mpigaji wa ngapi.
☐ Wazo langu mbadala nimelisoma.

Dakika 90 zikiisha, kaeni pamoja katikati ya uwanja, mikono mabegani. Anayerudi baada ya kukosa afuatwe na angalau mchezaji mmoja kabla hajaufikia mstari. Na haya yote hupangwa mapema. Uingereza walikuwa hawajawahi kushinda matuta kwenye Kombe la Dunia hadi Julai 2018, walipoitoa Colombia 4-3. Kocha wao wa wakati huo, Gareth Southgate, mwenyewe aliwahi kukosa penalti kwenye nusu fainali ya Ulaya mwaka 1996. Kwa timu yake, penalti zilikuwa ujuzi wa kuzoeza muda mrefu kabla ya mashindano.

Hatua ya 7: Ukikosa

Utakosa siku moja. Fanya hivi:

1. Siku hiyo usiingie kwenye kundi la WhatsApp la timu wala la mtaa.
2. Kesho yake andika ile mistari minne. Ongeza wa tano: ni hatua gani ya utaratibu niliiruka?
3. Kama hukuruka yoyote, kipa alidaka tu. Funga daftari.
4. Piga penalti tena ndani ya wiki moja, ukianzia ngazi ya 3 au ya 4. Ukikaa miezi bila kupiga, hofu inaota mizizi.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Daftari na ngazi vinamtosha mwenye mchecheto wa uwanjani. Havimtoshi mtu ambaye hofu imemfuata nyumbani. Nenda hospitali kama, kwa wiki mbili au zaidi, hulali, huli, umeacha kukutana na watu, unashtuka kwa vipindi vya moyo kwenda mbio bila sababu, huwezi kukaa bila pombe au kubeti, au unawaza kufa. La mwisho usilisubirishe hata siku moja. Mwambie mtu leo na mwende pamoja.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kutoka hapo unaweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita, na tatizo likiwa kubwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, ina kitengo cha magonjwa ya akili. Ukitaka kuuliza kwa simu kabla ya kwenda, namba ya huduma ya Wizara ya Afya ni 199, na ni bure. Ukifika, sema "nataka tiba ya mazungumzo," maana usiposema unaweza kurudi na vidonge peke yake. Mweleze pia kuhusu mpira. Siyo jambo la kitoto. Mtaalamu mzuri ataanzia hapo hapo.

Neno kwa kocha

Timu ya vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, Stand United, ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014. Geita Gold ilimtoa George Mpole, mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17. Vipaji vya huku havina shida. Unachodaiwa wewe ni dakika 15 za ngazi ya hofu kila wiki, na karatasi yenye majina matano ya wapigaji kwa mpangilio, pamoja na mawili ya akiba, ambayo kila mchezaji ameiona kufikia Alhamisi. Usiyatafute majina hayo Jumapili baada ya kipenga cha mwisho.